Kuongeza Damu: Iulizwe Kwanza Inakopotelea

Katika mazungumzo ya kila siku mtu aliyepauka na kuchoka huambiwa kwamba damu yake imepungua, na tiba yake huitwa kuongeza damu. Maneno hayo ni mepesi na yanaeleweka kwa wote, lakini yanaweza kupotosha. Humfanya msikilizaji auone mwili kuwa kama mtungi ambao maji yake yamepungua, na ambao hauhitaji ila kumiminiwa maji mengine. Kwa fikra hiyo mama hununua dukani chupa ya dawa nyekundu ampe mtoto wake aliyepauka. Mwanafunzi wa kike hugawana vidonge na mwenzake bwenini. Na mzee aliyedhoofika huletewa na wanawe mikebe ya vitamini kutoka mjini. Aghalabu hakuna kati yao aulizaye swali ambalo lingetangulia hata kwa mtungi wenyewe: je, maji yamepungua kwa kuwa hayakutiwa, au kwa kuwa mtungi umetoboka?

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015-16 ulikuta upungufu wa damu kwa watoto 58 katika kila watoto 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na kwa wanawake 45 katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Wasichana wa shule za sekondari wamo katika hesabu hiyo ya wanawake. Hoja ya makala haya ni kwamba upungufu wa damu ni dalili, wala haujawa jina la ugonjwa mmoja. Kwamba vidonge vya chuma na vitamini ni dawa hasa, zenye kazi yake, kipimo chake na madhara yake. Na kwamba shule ina wajibu wa kufundisha mambo hayo mawili kwa pamoja, ili watu wasizikimbie dawa hizo wala wasizimeze kama njugu.

Chuma mwilini

Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 hadi 4 tu, uzito wa msumari mmoja wa wastani. Sehemu kubwa ya chuma hicho imo katika himoglobini, ile protini nyekundu ndani ya chembe za damu ambayo huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Chembe nyekundu huishi kwa muda wa siku 120 hivi. Inapozeeka huvunjwa, na chuma chake huokotwa na kurudishwa katika uboho ili kitengenezewe chembe mpya. Kwa njia hiyo mwili hujipatia kila siku miligramu 20 hadi 25 za chuma kutoka katika akiba yake wenyewe, na hudai kutoka katika chakula miligramu 1 au 2 tu za kufidia kile kidogo kinachopotea. Mwanamke mwenye hedhi hudai zaidi ya mwanamume, na mjamzito hudai zaidi ya wote.

Mwaka 1937 wataalamu wawili wa Uingereza, Robert McCance na Elsie Widdowson, walionyesha jambo ambalo hadi leo ndilo msingi wa elimu hii: mwili hauna njia maalumu ya kukitoa chuma kilichozidi. Sukari ikizidi figo huweza kuimwaga, na chumvi kadhalika. Lakini chuma kikishaingia kimeingia. Udhibiti wote umo mlangoni, yaani katika utumbo. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 wataalamu walimtambua bawabu wa mlango huo: ni homoni itengenezwayo na ini, iitwayo hepsidini. Chuma kikitosha, hepsidini huongezeka na mlango hufungwa. Chuma kikipungua, nayo hupungua na mlango hufunguliwa.

Bawabu huyo ana tabia nyingine inayostahili kuzingatiwa. Maradhi ya kuambukiza yanapoingia mwilini, hepsidini hupanda na mlango hufungwa, hata kama akiba ya chuma ni haba. Sababu yake inaeleweka. Bakteria wengi na vimelea vya malaria huhitaji chuma ili wakue na kuzaana, na mwili hukificha chuma chake kama vile mwenye mji afichavyo chakula adui anapokaribia. Kwa hiyo kupungua kwa chuma katika damu ya mgonjwa si mara zote kasoro inayotaka kusahihishwa papo hapo. Mara nyingine ni ngao.

Sababu nyingi, dalili moja

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yafaa ikumbukwe kwamba haba na haba hukikausha vilevile. Mnyoo mmoja wa safura wa jamii ya Necator americanus hunyonya takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini minyoo 100 hunyonya mililita 3, na kila mililita ya damu ya mtu mwenye afya ina takriban nusu miligramu ya chuma. Mtu huyo basi humwaga kwa siku miligramu 1.5 za chuma katika utumbo wake, na ingawa sehemu fulani hunyonywa tena, hasara hiyo hukaribia kiasi chote ambacho mtu mzima hupata katika chakula. Mnyoo wa jamii ya pili, Ancylostoma duodenale, hunyonya mara tano au zaidi ya huo. Si ajabu kwamba Waswahili waliliita gonjwa hili safura, neno lenye asili ya Kiarabu linalotokana na rangi ya manjano. Waliitambua rangi ya mgonjwa kabla darubini haijawaonyesha mnyoo.

Tafiti zilizofanywa kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 miongoni mwa watoto wa shule zilionyesha kwamba safura ni mojawapo ya sababu kubwa za watoto hao kupungukiwa na chuma. Kwa mtoto wa namna hiyo vidonge vya chuma vinafaa, lakini bila dawa ya minyoo, choo safi na viatu miguuni, chuma hicho hutiwa katika mtungi unaovuja. Kichocho hupoteza damu kwa njia ya mkojo au choo. Hedhi nzito hupoteza damu kila mwezi, na aghalabu msichana huona haya kulisema. Vidonda vya tumbo huvuja bila maumivu makubwa, na kwa mtu mzima aliyepita umri wa makamo upungufu wa damu usio na sababu ya wazi huweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya utumbo. Mzee wa namna hiyo akipewa mkebe wa vidonge, uso wake utang'aa kwa miezi michache, na wakati wa kumwokoa utapita.

Kuna pia upungufu wa damu usiohusiana kamwe na ukosefu wa chuma. Malaria huvunja chembe nyekundu, na chuma chake hubaki mwilini. Kifua kikuu na maradhi mengine ya muda mrefu hukifungia chuma ghalani. Mwenye selimundu huzaliwa na himoglobini yenye umbo jingine, na chembe zake huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Mtu huyu huhitaji asidi ya foliki ili uboho wake uweze kufanya kazi ya ziada, lakini hapaswi kupewa chuma ila vipimo vikithibitisha kwamba amepungukiwa nacho. Kama ametiwa damu mara nyingi huenda chuma kimekwisha kumzidi, kwa kuwa kila chupa ya damu huja na miligramu 200 hivi za chuma ambazo hazina njia ya kutoka. Chuma kilichozidi hutua katika ini, moyo na tezi, na kuviharibu polepole.

Funzo la Pemba

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba, maadamu watoto wengi wamepungukiwa na chuma, njia nyepesi ni kuwapa wote. Dalili za kutia shaka zilikuwapo. Mwaka 1978 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha taarifa ya uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wafugaji wa Kisomali wanaohamahama ambao walikuwa wamepungukiwa na chuma. Watu 71 walipewa chuma, na 66 walipewa vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la pili maambukizo yalitokea mara 7. Katika kundi lililopewa chuma yalitokea mara 36. Hata hivyo idadi ya watu ilikuwa ndogo, na dunia haikubadili mwenendo wake.

Uchunguzi mkubwa ulifanyika Pemba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waliwekwa katika makundi kwa kura. Wengine walipewa kila siku miligramu 12.5 za chuma pamoja na asidi ya foliki, na wale ambao hawajatimiza mwaka walipewa nusu yake. Wengine walipewa vidonge visivyo na chuma. Kisiwa hicho wakati huo kilikuwa na malaria kali mwaka mzima. Mwezi Agosti 2003 kamati iliyosimamia usalama wa uchunguzi huo ilishauri utoaji wa chuma usimamishwe. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2006 zilionyesha kwamba watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa katika hatari ya kufa au kulazwa hospitali iliyozidi ile ya wenzao kwa asilimia 12.

Wakati huohuo uchunguzi wa aina hiyohiyo ulikuwa ukifanyika kusini mwa Nepali, ambako malaria ni haba. Huko chuma hakikuonekana kuongeza vifo. Na huko Pemba kwenyewe, katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likapimwa damu na kutibiwa malaria mapema, watoto ambao kweli walikuwa wamepungukiwa na chuma na kupata anemia walinufaika. Madini ni yaleyale, kipimo ni kilekile. Kilichotofautiana ni hali ya mtoto na mazingira yake.

Tafiti zilizofuata zimelikamilisha funzo hilo. Nchini Ghana, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, watoto wadogo walitiliwa chuma katika chakula ilhali familia zao zilipewa vyandarua vyenye dawa na wagonjwa walitibiwa mapema, malaria haikuongezeka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kwamba katika nchi zenye malaria watoto wapewe chuma sambamba na hatua za kuzuia, kupima na kutibu malaria. Chandarua na kidonge, kwa lugha nyepesi, havina budi kwenda pamoja.

Mjamzito asiogopeshwe

Ingekuwa hasara kubwa kama habari za Pemba zingemfanya mjamzito atupe vidonge vyake. Watoto wachanga si wajawazito. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya tafiti mbili zilizofanywa Afrika ya Mashariki. Jijini Dar es Salaam, wanawake 1,500 wajawazito ambao hawakuwa na anemia walishiriki. Magharibi mwa Kenya, katika eneo la Kisumu lenye malaria nyingi, walishiriki 470. Katika tafiti zote mbili chuma hakikuongeza malaria, na katika ule wa Kenya watoto waliozaliwa na mama waliopewa chuma walikuwa na uzito uliozidi kwa wastani wa gramu 150. Mjamzito apewaye kliniki kidonge chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki akimeze kila siku. Anaumba damu ya watu wawili, na damu atakayopoteza wakati wa kujifungua haina budi kuwa na akiba nyuma yake. Akikutwa na anemia, mganga atamwongezea kipimo. Yeye mwenyewe asijiongezee.

Tahadhari moja yamhusu hasa mjamzito. Katika kliniki nyingi za nchi zenye malaria hupewa pia vidonge vya SP vya kumkinga. Dawa hiyo huua vimelea kwa kuwanyima foleti. Asidi ya foliki ya miligramu 0.4 haina madhara kwa kazi hiyo, lakini kidonge cha miligramu 5, ambacho huuzwa madukani na huonekana kuwa bora kwa sababu kina nguvu zaidi, huidhoofisha SP. Huu ni mfano wazi wa kiasi kikubwa kufanya kazi kinyume cha kiasi kidogo.

Vitamini nazo zina mpaka

Husemwa kwamba vitamini, hata zisipofaa, hazidhuru. Usemi huo si wa kweli. Vitamini za jamii ya B na vitamini C huyeyuka katika maji, na ziada yake hutoka na mkojo. Vitamini A huyeyuka katika mafuta na kurundikana katika ini. Mjamzito anayemeza kipimo kikubwa cha vitamini A mwanzoni mwa mimba huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Asidi ya foliki nayo, ingawa haina sumu, huweza kuficha ugonjwa. Mtu aliyepungukiwa na vitamini B12, kwa mfano mzee ambaye tumbo lake haliwezi tena kuinyonya au mtu asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, hupata anemia na pia huharibika mishipa ya fahamu. Akipewa asidi ya foliki peke yake damu yake hurekebika, ilhali ganzi ya miguu huendelea hadi ashindwe kutembea. Aliyepima damu tu angesema amepona.

Kusoma kidonge

Mwanafunzi wa kemia anayo nafasi nzuri ya kuelewa jambo linalowatatiza wengi. Kidonge cha kawaida cha ferasi salfeti iliyokaushwa chenye uzito wa miligramu 200 hakina miligramu 200 za chuma, bali takriban 65. Zilizobaki ni salfeti na maji kidogo. Mganga anaposema miligramu 60, huhesabu chuma chenyewe. Anayelinganisha mikebe miwili kwa kutazama nambari kubwa zaidi juu ya karatasi huweza kukosea mara tatu.

Chuma hunyonywa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini wengi huona kichefuchefu. Hao wameze pamoja na chakula kidogo, kwani kidonge kilichomezwa kwa shida kina faida kuliko kilichotupwa. Choo kuwa cheusi ni jambo la kawaida, na kufunga choo hutokea. Dawa za kupunguza asidi tumboni huzuia chuma kisinyonywe. Na chuma nacho huzuia baadhi ya viuavijasumu, kama tetrasaiklini na siprofloksasini, visifanye kazi, hivyo visimezwe saa moja. Kuongeza vidonge maradufu hakuleti damu maradufu. Uchunguzi uliofanywa nchini Uswisi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake wenye akiba ndogo ya chuma hunyonya sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge wakikimeza siku moja na kupumzika ya pili, kwa kuwa kila kidonge humwamsha yule bawabu kwa muda wa siku nzima.

Mtu aliyepungukiwa na chuma kweli, akameza dawa sawasawa, himoglobini yake hupanda kwa gramu 1 hadi 2 kwa desilita katika majuma matatu au manne. Isipopanda, jawabu si kuongeza kipimo bali ni kurudi kwenye swali la kwanza: inapotelea wapi? Ikipanda na kufikia kiwango, dawa huendelezwa kwa miezi mitatu hivi ili kujaza akiba. Wengi huiacha mara nguvu ziwarudiapo, na baada ya miezi michache hujikuta walikoanzia.

Rangi pia isimdanganye mtu. Maji ya rozela na ya kiazisukari chekundu ni mekundu kwa sababu ya rangi za mimea, wala wekundu huo hautokani na chuma. Maini, nyama na dagaa vina chuma kinachonyonywa kwa wepesi. Maharage na mboga za majani zina chuma pia, lakini hunyonywa kidogo isipokuwa kikisaidiwa na vitamini C ya ndimu, chungwa, pera au embe. Chai inayonywewa pamoja na mlo huo hukizuia chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Mwalimu anaweza kulithibitisha hilo mbele ya darasa kwa gharama ndogo. Kidonge kimoja cha ferasi salfeti kitwangwe na kukorogwa katika maji. Maji hayo yatiwe katika kikombe cha chai kavu. Chai itageuka nyeusi kama wino, kwa kuwa chuma kimeshikana na tanini. Ikikamuliwa ndimu, weusi utafifia. Kikombe hicho kimwagwe na mwalimu mwenyewe wala kisionjwe na mtu.

Kidonge mkononi mwa mtoto

Vidonge vingi vya chuma vimepakwa sukari na rangi, na mtoto huviona kuwa peremende. Hesabu yake yatisha. Dalili za sumu huweza kuanza mtoto anapomeza miligramu 20 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake, na kuanzia miligramu 60 kwa kilo maisha yamo hatarini. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 hukaribia kiwango cha kwanza kwa vidonge 3, na hukivuka cha pili kwa vidonge 10. Mkebe wa mama mjamzito huwa na vidonge vya mwezi mzima.

Sumu hiyo ina hila. Kwanza mtoto hutapika na kuharisha, pengine damu. Kisha, baada ya saa kadhaa, hutulia na kuonekana amepona. Utulivu huo huweza kudumu hadi siku nzima, na nyuma yake ini huharibika na moyo kushindwa. Mtoto aliyemeza vidonge vya chuma apelekwe hospitali mara moja, hata kama amekwisha kurudi kuchezea mchanga. Na vidonge viwekwe juu, mahali pasipofikika, katika mkebe wenye kifuniko kigumu.

Je, kuuliza ni anasa?

Yupo atakayesema kwamba nasaha hizi zawafaa watu wa mjini wenye maabara, na kwamba zahanati ya kijijini haina nafasi ya kutafuta sababu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halifiki mbali. Kutazama kope za ndani na viganja hakugharimu kitu. Kuuliza kuhusu hedhi, mkojo mwekundu, homa, viatu na ndugu wenye selimundu huchukua dakika chache. Kipimo cha haraka cha malaria kimo katika zahanati nyingi. Na pale ambapo wizara ya afya, baada ya kupima hali ya taifa, imeamua kundi fulani lipewe chuma, kama vile wajawazito, au wasichana kwa kidonge kimoja kila juma, swali limekwisha kuulizwa kwa niaba yao, na kidonge hicho kimezwe bila hofu. Ubaya umo katika kununua kwa kukisia.

Mwingine atahofia kwamba kutaja madhara kutawakimbiza watu. Lakini watu hawakimbizwi na ukweli uliopimwa. Hukimbizwa na uvumi unaojaza nafasi ambapo ukweli haukusemwa. Mjamzito aliyeambiwa mapema kwamba choo chake kitakuwa cheusi hatashtuka. Asiyeambiwa ataviacha vidonge siku ya tatu na kuwaonya majirani.

Kazi ya shule ipo wazi. Mwalimu wa biolojia afundishapo mzunguko wa damu aongeze saa moja ya somo hili. Wa kemia afanye jaribio la chai. Mwalimu mlezi wa wasichana ahakikishe kwamba hedhi nzito yaweza kutajwa bila haya, na kwamba vidonge havizunguki bwenini kutoka mkono hadi mkono. Msichana mwenye umri wa miaka 12 na zaidi ambaye himoglobini yake imeshuka chini ya gramu 12 kwa desilita hujifunza kwa taabu, na huenda asijue kwamba uchovu wake una jina na dawa. Apelekwe zahanati, aulizwe, apimwe, apewe dawa kwa kiasi chake, na baada ya mwezi mmoja apimwe tena. Kipimo hicho cha pili ndicho aghalabu husahauliwa, na ndicho kinachoonyesha kama dawa ilifaa au kama ugonjwa wenyewe bado haujajulikana.